Tundu Nililoliziba

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, alikokuwa fundi wa mapampu, wenzake wa mtaani kwetu Chumbageni walifungua magenge na vibanda vya mitumba. Zilikuwa siku za ruksa, kila mtu kawa mfanyabiashara. Wangu akaleta bahari sebuleni. Tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, likakaa palipokuwa na kabati langu la vyombo. Ndani mkaingia maji ya chumvi, visamaki vya rangi, na matumbawe. Matumbawe, jamani! Watu wa pwani hii wanayatoa majini wayachome chokaa, yeye anayaleta nyumbani ayalee. Nikamwuliza visamaki vyenyewe vinatosha chungu cha watu wangapi. Akasema ni vya kutazama.

"Haya," nikamwambia, "leo tutazame, labda kesho tutashiba."

Hakukasirika. Ndiyo tabia yake, ukimtania anacheka kwa pua, anaendelea kukaza nati.

Matumbawe hayaishi kwenye maji yaliyolala. Kwa hiyo akaweka tangi la pili chini ya meza, la plastiki. Maji yanashuka humo kwa bomba moja, yanachujwa kwenye changarawe, kisha pampu inayarudisha juu kwa bomba lingine. Pampu yenyewe iliingia kutoka Mombasa kwa njia za panya. Viungo vya kuungia mabomba havikupatikana, na vilivyopatikana havikulingana, basi akawa anapasha ncha ya bomba kwenye jiko langu la mkaa mpaka ilegee, anaichomeka ncha ya pili kabla haijapoa. Siku tatu wali wangu ulinuka plastiki. Jirani akaniuliza nimetia kiungo gani. Nikamjibu, "Kiungo cha bomba, shoga."

Siku ya kwanza pampu ilikwenda vizuri mpaka umeme ulipokatika. Loo! Maji yakarudi chini kwa bomba lile lile yalilopandia, tangi la chini likafurika, mkeka ukaelea. Nikadeki huku nasema, na nikisema mimi, hata mtaa wa Makorora wanasikia. Kesho yake akapasha msumari moto, akatoboa tundu kwenye bomba la kurudishia, juu kidogo ya maji, akanieleza tundu lile lina kazi gani. Alieleza kirefu. Mimi nilikuwa nachambua mchele, naitikia "ehee, ehee," na sikusikia hata neno moja.

Baada ya wiki chache akatokea mzee mmoja aliyekuwa anajenga hoteli ndogo ufukweni Ushongo. Alikuwa amesikia habari za tangi letu, naye alitaka la namna ile kwenye ukumbi wa chakula, pamoja na mtu wa kulitunza kwa mshahara wa kila mwezi. Angekuja Ijumaa baada ya sala aone kwa macho yake. Mimi niliitaka kazi ile kuliko hata mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kumwona akitoka asubuhi na shati la pasi kwenda kuulizia kazi, halafu anarudi adhuhuri ananiambia huko nje jua kali. Mdomo wangu ulimtania, lakini moyo uliniuma.

Ijumaa, yeye yuko msikitini, nikafagia, nikatandika vitambaa vya kudarizi. Ukuta nilikuwa nimeupaka chokaa jana yake. Nikageuka, nikakuta tundu lake linatema mate ukutani, psss, psss, michirizi mpaka sakafuni. Aibu gani hii mbele ya mgeni? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila wahenga hawakuwa na samaki sebuleni. Na miaka ile ya shida ilitufunza dawa moja tu, tyubu ya baiskeli. Ndoo ikivuja, tyubu. Kitanda kikilegea, tyubu. Nikakata ukanda, nikauzungusha kwenye bomba, nikaukaza kwa fundo langu la kufungia kuni. Psss ikakoma. Nikajipongeza.

Mume wangu alirudi, na kabla hajalitazama tangi mzee akaja, tukampa shikamoo, akavua viatu mlangoni, akakaa. Alilipenda tangi. Alivicheka visamaki kama mtoto. Kisha akauliza, "Na umeme ukikatika, fundi? Huko kwangu tutatumia jenereta, nayo ina vituko vyake."

"Ukikatika maji yanatulia tu, mzee. Tazama." Akachomoa waya mwenyewe, kwa madaha.

Maji hayakutulia. Yalirudi chini kwa kishindo, tangi la plastiki likafurika, yakatambaa sakafuni mpaka kwenye soksi za mgeni. Hapo ndipo nilipojua tundu lilikuwa la nini: pampu ikizima bomba livute hewa pale, maji yakatike njiani. Mume wangu akapeleka mkono kwenye bomba, vidole vikakuta mpira. Akainama akalitazama fundo. Fundo lile analijua, miaka yote ndiye anayelifungua.

Nikafumbua kinywa niseme. Akanikata jicho. Akaukata ukanda kwa kisu chake, akausokomeza mfukoni, akageuka.

"Nilisahau kutoboa tundu la hewa, mzee. Kosa langu."

Mzee akakamua soksi zake mlangoni. "Kazi yako nzuri, fundi," akasema, "lakini mimi wageni wangu siwezi kuwaogesha miguu." Akatuaga kwa adabu, na kazi ikaondoka naye.

Tulideki wawili. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Kwa nini hukusema ni mimi? Si ungeipata kazi yako!"

"Habari ingefika sokoni kabla ya alasiri. Wangekucheka mwaka mzima."

"Sasa watakucheka wewe!"

"Mimi kuchekwa nimeshazoea, mama watoto," akasema, na hakuwa na hasira hata chembe. "Nimezoezwa humu humu ndani. Wewe hujazoea."

Nikamchukulia tambara lake, nikamalizia kudeki mwenyewe.