Diski ya Harusi ya Elvire

Méthode alibeba mizigo bandarini miaka thelathini na minane. Sukari, saruji, chumvi ya Kigoma. Ukimpa kitu mkononi, kabla hajakitazama ameshaujua uzito wake, na kwenye uzito anapata bei. Ndiyo shule aliyosoma. Nyingine hakuipata.

Kwa hiyo siku Fabrice alipomwekea diski kiganjani, Méthode aliipandisha, akaishusha, akaihamishia mkono wa kushoto.

"Hii haina uzito," akasema.

"Ni diski, muzee."

"Bei gani?"

"Elfu kumi na tano."

Méthode akairudisha mezani taratibu, isije ikavunjika akaambiwa ameinunua.

Fabrice alikuwa na studio pale mtaani Bwiza, chumba kimoja chenye pazia la maua na picha za maharusi ukutani. Kazi yake kupiga video za harusi na misiba. Miaka miwili nyuma alipiga harusi ya Elvire, binti wa Gaspard. Huyo Gaspard kazi yake ilikuwa kuwatolea wafanyabiashara mizigo bandarini, na mingi ilipita juu ya mgongo wa Méthode. Baadaye Gaspard akapanda Kiriri, mtaa wa matajiri mlimani, kwenye nyumba kubwa, Méthode akabaki Bwiza na mgongo.

Mke wa Méthode, Léocadie, alifua nguo za nyumba ya Gaspard tangu Elvire anatambaa. Kadi ya harusi ilikuja na jina lake yeye tu. Mtu mmoja. Méthode alisema harusi za Kiriri zina hotuba ndefu, afadhali abaki. Léocadie akaenda, akacheza, akarudi.

Sasa alikuwa na miezi saba kaburini. Nyumbani ilibaki picha moja, ile ya kitambulisho, ambayo anatazama kama mtu aliyekamatwa bila kosa. Méthode alikuwa ameanza kusahau mke wake alivyokuwa akitembea. Alijaribu asubuhi, akajaribu akiwa njiani, mwendo haukuja. Jambo hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe, na hakumwambia mtu. Mathilde, anayeuza karanga mlangoni pa sinema ya Astère, ndiye aliyemwambia: mama yuko kwenye video ya Elvire, anatembea, anacheza, kaulize kwa Fabrice.

Akauliza. Na bei ndiyo hiyo.

"Pale kwa Astère," Méthode akasema, "kuingia ni mia tano. Mule ndani iko helikopta. Iko wanajeshi mia. Nyumba inawaka, daraja linaanguka. Mia tano."

"Ile film watu wanalipa dunia mzima, muzee. Hii nani atanunua? We peke yako."

"Basi mutu peke yake apunguziwe."

"Peke yake ndiye anaongezewa. Na diski zenyewe hazipatikani sasa, watu wanataka kwenye simu. Simu yako inaonyesha video?"

Méthode akatoa simu yake, iliyofungwa mpira katikati ili betri isidondoke. Fabrice aliitazama kwa heshima anayopewa marehemu.

"Tena diski inakuwa yako," akaendelea. "Utaangalia leo, utaangalia kesho, mpaka uchoke. Kwa Astère ukishatoka, imeisha."

"Mi nataka mara moja tu."

"Muzee, siuzi mara moja."

Méthode alitoka pale akiwa ameshapata hesabu yake. Kama mara moja inauzwa kwa Astère, basi Léocadie apelekwe kwa Astère. Televisheni hana, mashine hana. Elfu kumi na tano ni ya kitu gani?

Astère alikuwa amehamia pale kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, miezi mitatu tu iliyopita. Sinema yake ilikuwa ukumbi wa mabati wenye mabenchi, televisheni moja kubwa na kipaza sauti. Filamu zilikuja na lugha za kwao. Astère alikaa pembeni akazitafsiri kwa Kiswahili papo hapo. Lugha hizo hakuzijua, lakini hakuna aliyewahi kulalamika. Méthode alipomwomba aonyeshe harusi ile, bila kumwambia kwa nini, alikubali bila kusita, maana umeme wa mchana ulikuwa mzuri na filamu yake ya saa tisa ilikuwa imechakaa. Fabrice naye akakubali kumwazima diski. Watu wataona kazi ya studio, akasema, ni matangazo. Tena akaomba jina lake litajwe mara mbili.

Jumamosi mchana Méthode alilipa mia tano yake mlangoni. Mathilde akampa karanga za bure. Akakaa benchi la pili, shati jeupe, kofia magotini.

Mambo hayakwenda vibaya mwanzoni. Yalikwenda polepole. Kwenye video wajomba wa pande mbili walisimama kuombana bibi harusi kwa yale maneno ya kuzunguka, ng'ombe kapotea, ng'ombe kaonekana, nusu saa nzima. Walisema Kirundi, na ukumbi mzima ulijua Kirundi. Lakini Astère alikuwa na kipaza sauti mkononi, na kipaza sauti hakikai kimya. Akatafsiri.

"Huyu mukubwa anasema, wekeni silaha chini."

"Astère, wacha tusikie," mtu akasema.

"Mulilipa ya kutafsiriwa. Mi siibi pesa ya mutu."

Kisha ngoma ikaanza, na kamera ikapita kwa akina mama waliosimama nyuma. Hapo akaonekana. Nguo ya bluu ya sherehe, imefungwa begani. Alikuwa anatembea kutoka kushoto kwenda kulia, bega moja mbele kidogo, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Ndivyo alivyokuwa. Méthode akasogea mbele kwenye benchi.

Kamera ikasimama pale, pengine Fabrice alikuwa anasubiri bibi harusi apite. Léocadie akafika kwenye meza ya vinywaji. Akatazama huku. Akatazama kule. Mkono ukatoka chini ya ile nguo ya bluu, ukachukua chupa ya bia, ukarudi nayo ndani. Uso haukubadilika hata kidogo. Akaanza kucheza, chupa kwapani.

"Huyu mama ni komando," Astère akasema kwenye kipaza sauti. "Adui hajui. Chupa imeingia kambini. Na sasa anacheza, ili asishukiwe."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mtu alipiga benchi kwa ngumi. Wa nyuma akaomba komando apewe cheo.

Méthode hakucheka. Aliijua ile chupa, aliinywa yeye.

Jioni ile ya harusi Léocadie alirudi, akaweka bia mezani na kusema: "Gaspard amekutumia. Amesema hajasahau mgongo wako." Méthode aliinywa kwa vikombe vidogo ili isiishe. Toka siku hiyo kila alipoiona gari ya Gaspard alivua kofia. Mara moja sokoni alimshika mkono, akamwambia asante kwa chupa. Gaspard akauliza, chupa gani? Méthode akarudi nyumbani akamwambia mke wake kwamba tajiri yule hapendi kujisifu. Léocadie alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Ndivyo alivyo," akasema.

Miaka miwili alimvulia mtu kofia bure.

"Rudisha nyuma," Méthode akasema.

Astère hakuona ni nani, alisikia sauti ya mzee tu. "Tiketi ni mara moja, muzee. Kuna film ingine inangoja."

"Rudisha. Pale kwa chupa."

"Hata wewe umependa komando?"

Mathilde alikuwa mlangoni na karai lake la karanga. "Astère, funga kinywa," akasema bila kupaza sauti. "Ni muke wake. Alikufa mwezi wa pili."

Kicheko kilikatika benchi kwa benchi, kuanzia mlangoni. Kwenye televisheni Léocadie aliendelea kucheza, kisha mgongo wa mtu mnene ukamziba, na alipoondoka yule mnene, Léocadie hakuwepo.

Astère akabonyeza kitufe, akairudisha video nyuma. Safari hii akaweka kipaza sauti chini. Wote wakatazama kimya, kama kanisani, mwanamke akiiba bia.

Watu walipotoka Astère akamfuata Méthode nje. "Muzee, mi sikujua. Ukipata diski yako uilete asubuhi, kabla ya kazi. Nitakuwekea. Bila tiketi."

"Na bila kutafsiri."

"Bila kutafsiri."

Jumatatu Méthode akaenda studio. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kununulia rangi ya msalaba wa kaburi la Léocadie. Msalaba ungengoja, na yeye mwenyewe angemwomba mkewe radhi. Fabrice alikuwa ameshasikia, Bwiza nzima ilikuwa imeshasikia. Akamwekea kiti.

"Muzee, nisamehe. Mi nilipiga tu, sikuona kitu gani kimeingia." Akashusha sauti. "Pale pa chupa naweza kukata. Mama asibaki na aibu. Abaki anatembea, anacheza, basi. Na nitakufanyia elfu kumi na mbili."

Méthode alikuwa anapanga noti mezani. Akaacha kupanga.

"Ukikata pale," akasema, "iliyobaki ni ya mia tano."

Fabrice akamtazama aone kama ni mzaha. Hakuona. Akaiweka diski nzima kwenye bahasha, akapokea elfu zote kumi na tano, na Méthode akaenda zake kwa Astère, ambaye saa hiyo alikuwa bado anafagia maganda ya karanga chini ya mabenchi.