Hotipoti ya Bibi na Treni ya Taa

Leo mwanangu ametoka shule na karatasi nyekundu mkononi, hata viatu hajavua. "Mama, the train is coming! Tunavaa pajama, halafu tunapeleka cans!" Nilikuwa jikoni, hapa nyumbani Mansfield, Marekani, nakata vitunguu. Nilipoiona ile picha ya injini iliyozungushiwa taa, kisu nikakiweka chini. Sikufichi, rafiki yangu, treni ile naichukia. Nazichukia taa zake, naichukia kengele yake, na nawachukia wale wanaopunga mikono juu ya mabehewa kana kwamba wametuletea mvua. Mtu mzima kuchukia treni ni jambo la kuchekesha, najua. Cheka, ukimaliza nikusimulie.

Mimi nilikulia DeSoto, kwenye nyumba za kupanga zenye ngazi za nje na mabomba yaliyolia kila mtu akioga. Mama alikuwa muuguzi kwetu Tanzania, lakini huku alianza upya, akiwageuza wagonjwa kitandani na kuwaosha huku akisomea leseni. Njia ya kwenda kazini kwake ilikatiza reli, na mwaka mzima mabehewa ya mizigo yalilala pale barabarani bila haya. Tulikaa ndani ya gari tukiyatazama, mama akipiga simu: "Nime-stuck tena, ni treni." Msimamizi wake alishachoka kulisikia neno treni. Halafu ikifika Desemba, kampuni ile ile ya reli inaivisha injini taa, inampandisha juu mzee wa ndevu za pamba, inapita mji kwa mji ikikusanya chakula cha maskini. Na sisi tuliofungiwa njia tangu Januari ndio tunaotakiwa kwenda na makopo ya chakula na kupiga makofi. Hata hivyo, siku hizo nilikuwa bado sijaichukia. Nilikuwa mtoto, na mtoto ukimwonyesha taa anasahau yote. Chuki ilikuja baada ya bibi.

Bibi, mama yake mama, alitufikia kutoka Tabora nilipokuwa darasa la nne. Alikuja na viza ya matembezi, koti la kuazima, na begi ambalo nusu lilikuwa karanga na nusu hotipoti ya bluu yenye maua meupe, imeviringishwa kwenye khanga. Nyumbani kwake hotipoti hizo zilikuwa seti: kubwa, ya kati na ndogo. Sisi alituletea ya kati. Mama akamwambia, "Mama, hotipoti huku zipo." Bibi akamjibu, "Za kwao."

Ujana wake wote bibi aliuza chakula stesheni. Alinisimulia jinsi treni ya abiria iliposimama, akina mama walivyoizunguka na masinia kichwani, mikono ikatoka madirishani, na kuku, wali na mayai ya kuchemsha vikapanda juu vikiwa bado vya moto. Alikuwa akisema treni iliyotoka mbali ina njaa, unaisikia kabla haijapiga honi. Usiku nililala ubavuni kwake nikisikiliza habari za reli ya kwao, yeye akiniita mke mwenzake, kwa sababu eti nilitaka kumnyang'anya babu ambaye sikuwahi hata kumwona. Alinukia karanga na mafuta ya nazi. Sijawahi tena kulala vizuri kama nilivyolala miezi ile.

Lakini mchana wa DeSoto ulimtesa. Mimi shule, mama ama yuko kazini ama amelala kwa uchovu. Bibi alijifunga khanga mbili juu ya sweta, akasimama kwenye ngazi kuwasalimia watu, na watu wakapita wakiwa na funguo za gari mkononi. Wiki zikapita, hakuna aliyebisha hodi. Aliosha vikombe ambavyo havikunywewa. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini, mama asisikie: "Kwani mama yako amegombana na watu?" Nikamwambia hapana, bibi, huku ndivyo walivyo. Hakuniamini. Kwake yeye nyumba isiyoingiwa na mgeni ilikuwa nyumba yenye tatizo, na alitaka, kabla ya viza kuisha, aiache nyumba ya binti yake ikiwa inajulikana na mtu. Ni hilo tu alilolitaka kwa Amerika nzima.

Ndipo Jumapili moja, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, mzee wa matangazo akasimama akasema Ijumaa treni ya sikukuu itasimama mji wa jirani, wanakusanya chakula cha wenye shida, na sisi Waafrika tujitokeze tuonekane. "Leteni chakula," akasema. Hakusema makopo, kwa sababu kila aliyekaa pale alishajua kwamba huku ukiambiwa chakula cha msaada ni makopo. Bibi alijua nini? Alichoelewa ni kwamba treni inakuja, ina watu, na wenyeji wanatakiwa kuipokea na chakula. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya tangu usichana. Nilimwona akinyoosha mgongo kwenye kiti, macho yamemchangamka.

Ijumaa nilirudi shule nikakuta madirisha ya jikoni yametoa jasho. Mama alikuwa kazini. Bibi alikuwa amechambua mchele punje kwa punje, ingawa mchele wa huku hauna hata jiwe, na amewakaanga kuku wa dukani ambao tangu afike aliwasema kwamba wamekufa bila kujua kutembea. Kwa tangawizi na vitunguu saumu aliwafanya wakawa kuku. Nikaomba paja, nikapewa shingo. Wali ukaingia kwenye hotipoti, kuku juu yake, kifuniko kikakazwa. Kisha akaigeuza ile hotipoti taratibu, akiishikilia isimwagike, akaniambia nilete rangi yangu ya kucha.

Wewe unajua. Kwetu kila chombo kina jina chini yake, kwa rangi ya kucha au rangi ya mlango, kwa sababu vyombo vyetu vinatembea. Leo viko msibani, kesho harusini, na shughuli ikiisha akina mama wanavigeuza kimoja kimoja, wanasoma, kila kimoja kinarudi kwao. Na bibi alinifundisha kwamba chombo cha mtu huwezi kukirudisha kitupu, hata kama ni chumvi kidogo utaiweka. Basi akanisimamia niandike jina la mama na namba ya nyumba, kwa rangi ya waridi inayometameta. "Andika vizuri, mke mwenzangu. Wasije wakahangaika kuuliza wakati wa kuirudisha."

Sasa unaelewa alichokuwa anakipika. Watu wa treni wangekula, wangeosha chombo, wangetafuta jina. Wangekuja mpaka mlangoni, na angewakaribisha ndani.

Jirani yetu wa chini, Mkenya aliyekuwa akisomea uuguzi, ndiye aliyetupeleka pamoja na watoto wake. Alipoona furushi la khanga akamwambia bibi akicheka: "Shosho, leo mmebeba supper?" Bibi akasema, "Chakula cha treni, mwanangu." Akadhani ni chakula cha kula tukiwa tunaitazama treni. "Sawa shosho, mtatu-invite," akasema, akawasha gari. Maskini, angejua angetuambia.

Treni ikaja saa ya magharibi, na siwezi kudanganya, ilikuwa nzuri. Taa za kila rangi, behewa moja limefunguliwa ubavu likawa jukwaa, watu wanaimba, kahawa ya chokoleti inanukia, watoto wamepanda mabegani mwa baba zao. Mbele kulikuwa na meza ndefu na mapipa ya kadibodi yaliyojaa makopo. Bibi akafika mezani, akalifungua furushi, akapiga goti kidogo, akaikabidhi hotipoti kwa mikono miwili. "Poleni na safari. Karibuni chakula." Nikatafsiri. Mwanamke mwenye kofia nyekundu akashika kifua chake, akasema jamani, utamu ulioje, akaita mpiga picha. Wakamweka bibi katikati yao na hotipoti yake mikononi, wakacheka wote, taa ya kamera ikawaka. Bibi akaniambia niwaambie wakile chakula kikiwa cha moto. Nikawaambia. Yule mwanamke akasema bila shaka, bila shaka.

Bibi akageukia muziki, akipiga makofi nje kabisa ya mdundo wao. Mimi macho yangu yalibaki kwenye hotipoti, kwa sababu lile paja nilikuwa bado nalitaka. Nikamwona mwanamume wa kizibao cha njano akiinyanyua. Akafungua kifuniko, akanusa, akasema neno na mwenzake, wakacheka. Kisha akaitumbukiza yote, wali, kuku, chombo na jina la mama yangu, kwenye pipa la taka. Hata kuimwaga hakujisumbua. Nilikimbia, akaninyooshea mkono nisipite. Nirudi nyuma ya kamba, alisema, kwa usalama wangu. Usalama! Mwaka mzima mabehewa yao yalimchelewesha mama yangu kwa wagonjwa, hapakuwa na kamba wala usalama.

Nikamwambia bibi pale pale, nikilia. "Wametupa chakula. Na hotipoti wametupa." Akaniuliza, "Chakula pamoja na chombo?" Nikasema ndiyo, nimeona kwa macho yangu. Akanitazama, halafu akacheka mpaka akanishika bega asianguke. "Mke mwenzangu, hata mwizi angekula kwanza. Wamekiweka mahali."

Mama alimweleza pia aliporudi, kwa upole, kwamba huku kuna sheria zinazokataza kugawa vyakula vilivyopikwa nyumbani, kwamba pengine ni kweli kimetupwa. Bibi akamwambia amekaa na wagonjwa mpaka amekuwa na mawazo mabaya. Wiki iliyofuata picha ikatoka kwenye gazeti la mtaa: bibi katikati ya kofia nyekundu, meno yote nje, hotipoti kifuani. Bibi akaona sasa ushahidi umepatikana. Watu wanaotupa chakula chako wanakuweka gazetini? Hilo ndilo nisilowasamehe mpaka leo. Chakula walikitupa, tabasamu wakalibakiza.

Akaanza kusubiri. Kila asubuhi alifagia sebule, akatandika kitambaa mezani. Gari la kuleta vifurushi likisimama chini, alikuwa mlangoni kabla dereva hajashuka, na mara zote lilikuwa sanduku la mtu mwingine. Aliacha kuuliza kama mama amegombana na watu. Alisema wenye treni wana safari nyingi, watafika. Mpaka siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, ameshanikumbatia, akanigeukia tena: "Wakija sipo, usiwasimamishe mlangoni."

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye treni ile. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu yote ya Kiingereza. Nikaiuliza meza nzima ilipo hotipoti ya bluu. Kofia nyekundu moja ikainama, ikanipa peremende yenye mistari, ikanitakia Krismasi njema. Nyuma yangu watu walisukumana na makopo yao. Peremende niliitupa kwenye pipa lile lile. Na kila bibi alipopiga simu kutoka Tabora, baada ya shikamoo na marahaba na habari za shule, aliuliza kama wale watu wameshapita. Nikamwambia bado, bibi. Ilikuwa kweli.

Bibi alifariki nilipokuwa nimeshaolewa. Nilikwenda na mama kumzika. Baada ya watu kula, akina mama walikaa uani wakageuza vyombo, wakisoma majina kwa sauti, wenyewe wakiitika. Sijasikia sauti nzuri kama ile. Mama mkubwa, dada yake mama, akazichukua hotipoti za bibi, kubwa na ndogo, akazirudisha kwenye kabati na kuacha nafasi katikati. Binti mmoja akamuuliza ya kati iko wapi. Mama mkubwa akaonyesha ukutani, na pale, kwenye fremu, ilikuwa ile picha ya gazeti. "Iko Marekani kwa watu wa treni. Si hao?" Kisha akanigeukia mimi. "Ukirudi, waambie mwenye chombo amefariki. Wasione aibu kwa kuchelewa. Wairudishe tu."

Zile nyumba za DeSoto zimepakwa rangi, na kodi yake siku hizi ni ya watu wengine. Jirani yetu alihamia Houston, ananiambia huko nako mabehewa yanalala barabarani vile vile. Na sisi wenyewe tumebadilika, acha nijiseme. Kwenye misiba yetu huku tunapeleka chakula kwenye trei za alumini, kikiisha zinatupwa. Hakuna anayegeuza chombo asome jina, kwa sababu hakuna chombo. Rangi ya kucha ya mwanangu inaishia kwenye kucha.

Amekaa mezani muda wote huu akinisubiri, karatasi yake nyekundu mbele yake. Nimemwambia tutakwenda. Amepiga kelele ya furaha, amekimbilia kabatini kutafuta kopo la maharage. Alibebe yeye. Mimi nitapanga foleni mikono mitupu, na nikifika mezani, kabla hawajanipa peremende, nitawaambia mwenye chombo amefariki.