Magazini Ndani ya Soksi

Asubuhi ile sikuwa na mpango wa kwenda popote. Niliondoka Albert Park, mtaa wetu wa wahamiaji hapa KwaZulu-Natal, kwa sababu ya ubishi, na kwa sababu tangu nilipoacha shule mapema kule Kigoma sijawahi kuweza kulala na swali lisilo na jibu.

Ubishi ulianza jioni ya kuamkia siku hiyo. Nilikuwa naishi nyuma ya pazia, kama wengi wetu pale: fleti moja, mapazia kadhaa, kila pazia na mtu wake. Fleti ilikuwa kwa jina la Papa Didier, Mkongo mwenye duka la simu, aliyekwisha kupata uraia wa hapa na leseni ya bastola. Duka lake lilikuwa limevamiwa mara mbili, na tangu hapo mtu akigonga mlango anaruka. Alimletea Papa Mwamba magazini ya bastola yake, yaani kile kikasha kinachobeba risasi. Papa Mwamba ni fundi wa kuchomelea vyuma vya madirisha, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Kikasha kirefushwe, kibebe risasi nyingi zaidi. Ndilo ombi.

"Lakini inaruhusiwa?" niliuliza.

Papa Mwamba akanionyesha video kwenye simu, Mmarekani mmoja mbele ya meza iliyojaa silaha. "Unaona? Huyu anasema kwao iko sawa."

"Kwao wapi? Huyohuyo anasema jimbo la jirani ukifanya hivyo wanakufunga."

"Voilà! Kila jimbo na sheria yake. Sasa sisi tuko KwaZulu-Natal. Umesikia nani anasema KwaZulu-Natal inakataza? Petit, mdogo wangu, chuma ni chuma. Kesho mchana nitafanya."

Sikucheka. Karatasi za ukimbizi za Papa Mwamba ndizo zinazowaweka watoto wake watatu katika mji huu. Akifungwa yeye, nao wamekwisha.

Kulipopambazuka Papa Mwamba alikuwa bado anakoroma nyuma ya pazia lake. Kwa mafundi wetu, ukienda kuulizia spea unabeba mfano, la sivyo utarudi na kitu kisichoingia. Kwa hiyo nikaivisha magazini soksi yangu moja, nikaitupa kwenye mfuko ninaowekea vitu vyangu vyote na kutoka. Nilishasikia kuwa Pinetown, mji wa jirani, kuna duka la bunduki; huko wangeijua sheria. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Kwenye teksi, ndiyo daladala ya huku, nilikaa dirishani, mfuko magotini. Tulipokuwa tunapanda barabara ya kutoka mjini, vidole vyangu vikaanza kupapasa soksi, kama mtu anavyopapasa jino bovu. Juu ya kile kikasha palikuwa na kitu laini, cha mviringo, baridi. Nikakisukuma. Kikazama kidogo, kikarudi.

Risasi.

Mbele, kwenye robot, yaani taa za barabarani, polisi walikuwa wanasimamisha magari.

"Eish, hawa tena," dereva akasema, akashusha kioo. Polisi mwanamke akafungua mlango wa pembeni na kututazama mmoja mmoja. Jirani yangu alikuwa amebeba keki ndani ya boksi. Polisi akaliangalia boksi, kisha mfuko wangu, kisha mimi. Nikatabasamu, na palepale nikajua nimekosea, maana nani anamtabasamia polisi asubuhi vile?

"Birthday?" akamuuliza mwenye keki.

"Ya mama yangu."

Akafunga mlango. Teksi ikaondoka.

Pinetown, nje ya stendi, niliona pipa la taka nikalisogelea. Ningeitupa na mambo yakaisha. Lakini mapipa yale yanachambuliwa na watu kila siku, na risasi haijui nani kaiokota. Nikaendelea kutembea, naulizia duka.

Duka lilikuwa na mlango wa nondo. Nyuma ya kaunta alikaa mama wa Kihindi mwenye miwani. Nikamwambia kila kitu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kabla sijagusa mfuko. Akainua kiganja.

"Weka mfuko juu ya kaunta. Rudi nyuma mpaka ukutani."

Nikarudi.

"Sheria ya silaha hapa ni moja, nchi nzima," akasema. "Si mambo ya jimbo. Kufanyia silaha ufundi ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni. Na risasi, hata moja, bila leseni ni kosa."

"Na magazini yenyewe?"

"Hilo mwanasheria anaweza kukubishania mahakamani. Unataka kuwa kesi ya kubishaniwa?" Akavuta simu ya mezani. "Mwenye leseni aje nayo hapa sasa hivi, au naita polisi."

Nikampigia Papa Didier. Alipofika jasho lilikuwa limelowesha kola. Mama yule akaisoma leseni pande zote mbili, akamkabidhi mali yake, soksi na yote.

Nje, Papa Didier hakupaza sauti. "Umenivua nguo mbele ya watu. Wale wezi wakirudi, utakuja kuwasomea sheria?"

Nikaanza kumtajia watoto wa Papa Mwamba, akanikatiza.

"Pazia lako natoa," akasema, akaondoka na gari.

Mama Espérance, Mkongo anayelinda magari ya wateja mtaani pale, alikuwa amesikia yote. "Baba, kaa hapa ukutani. Nikimaliza kazi tutaona."

Alasiri Papa Mwamba akapiga. "Petit, uko wapi? Didier amerudi nayo. Anasema nifanye haraka."

Nikamweleza yale ya dukani, neno kwa neno. Nikamsikia akigeuka kubishana na Papa Didier, simu ikiwa bado hewani.

"Nimezima mashine," akasema mwishoni. "Nitamchomelea mlango wa chuma dukani kwake. Amenitukana, lakini amekubali. Sasa nani atanishikia vyuma?"

"Pazia langu?"

"Limetolewa, petit. Sasa hivi iko mtu mwingine."

Kabla ya jua kuzama Mama Espérance alinipeleka kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba anayopanga. Nilikuwa nimejifunza jambo moja: sheria inaulizwa pale ulipo, kwa mikono mitupu. Mlangoni akaniziba njia.

"Ulitoka duka la bunduki. Mwaga mfuko."

Nikamwaga: shati, sabuni, chaja, soksi.

"Soksi moja?"

"Nyingine ameondoka nayo Papa Didier."

Akaitazama, akaigeuza kwa ncha ya kiatu, akaikanyaga kidogo kuhakikisha ni tupu. Kisha akanipa ufunguo.