Kaunta ya Sharda

Polio ilimpoozesha Sharda miguu angali mdogo, lakini dukani kwake Korogwe nani angethubutu kumwonea huruma? Marehemu baba yake alimjengea kaunta ya kimo cha goti, na kila aliyetaka kitenge aliketi chini naye, wakapiga soga.

Wiki iliyopita alikwenda harusini Handeni. Aliporudi alikuta kaunta mpya imempita kichwa, na mdogo wake Umesh amesimama hapo.

“Umetaabika vya kutosha, dada. Pumzika.”

“Nani alikwambia nataabika?” Sharda akafoka. “Miaka arobaini natambaa, sikuwa mlemavu. Umenilemaza wewe, ndugu yangu wa tumbo moja!”

Kesho yake mteja aliingia, akachungulia huku na huku. “Sharda hayupo?”

Umesh akamtazama dada yake pale sakafuni nyuma ya kaunta, kisha akajibu, “Amepumzika.”