Maji ya Sadaka ya Mama Yalivyoanza Kumwita Baba

Mtaani kwetu walianza kunong'ona kwamba maji ya marehemu mama yangu yanaita watu kaburini.

Usicheke. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipomwangalia baba vizuri.

Naitwa Munira, mzaliwa wa hapahapa Kuwait. Mama alipofariki tulifanya kama wengi wanavyofanya. Tukaweka friji nje ya ukuta, tukaijaza chupa ndogo za maji, na kila chupa tukaibandika karatasi: "Mwombeeni marehemu Sabika."

Mpita njia anakunywa, anamwombea, anaenda zake.

Baba ndiye hakukosa hata siku moja. Akitoka kuswali alasiri anachukua chupa yake, anakaa kivulini, anakunywa taratibu. Figo zake zilikuwa hoi, daktari alikuwa amempimia hadi maji ya kunywa. Chupa ile ndiyo ilikuwa starehe yake.

Joto lilipopamba moto, kaka yangu Mishari akaleta makatoni ya kinywaji kipya. Mishari ni mtu wa gym, bila chupa ya vitamini mkononi anajiona yuko uchi.

"Maji matupu ya nini, Munira?" akaniringia. "Hiki kina madini, kina vitamini, kinarudisha nguvu. Sadaka unatoa unachokipenda. Au mama hastahili?"

Hapo nani angebisha? Kinywaji chenyewe kilikuwa hakina rangi, ukikitazama ni maji tu. Tukabandika jina la mama juu ya maandishi ya kiwandani, tukajaza friji.

Vijana wa pikipiki wanaosambaza chakula walikipenda balaa.

Baba akaonja, kisha akatabasamu.

"Maji ya mama yenu yamekuwa matamu."

Shangazi Haya, dada yake baba, akajishika kifua. "Subhanallah! Sadaka imepokelewa hiyo!"

Nikafungua mdomo nimweleze baba. Mishari akanikanyaga mguu. "Muache afurahi bwana," akaninong'oneza. "Tena kitamjenga."

Hakikumjenga.

Miguu ilianza kumwia mizito, ngazi za nyumbani zikamshinda. Akasema ulimi unakufa ganzi. Saa yake ya mkononi akamvisha mpwa wake, akaanza kuwapigia watu simu kuomba radhi.

"Baba, unakwenda wapi?" nikamuuliza kwa utani.

"Sabika ananiita," akajibu. Alikuwa amechangamka kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Shangazi Haya akalipeleka neno hilo kwa majirani, nalo likarudi limeota pembe. Jirani mmoja akawakataza wanawe wasiguse friji yetu. Mimi usingizi ukanikimbia. Kila nikimsikia baba anafungua mlango wa nje, nakimbilia dirishani.

Alasiri moja sikumsikia akirudi ndani.

Nilimkuta kivulini, kichwa kimelala begani, chupa imemwagika mapajani. Nilipomshika mkono, mapigo yalikuwa yanakuja kwa kusuasua. Nilipiga ukelele mpaka Mishari akatoka mbio bila viatu.

Hospitali, daktari mmoja mwanamama akatukazia macho.

"Mzee mmemlisha nini? Madini ya potasiamu yamepanda kwenye damu, moyo unataka kusimama!"

"Hata ndizi hali," nikalia. "Hata tende tunamnyima!"

"Anakunywa nini?"

Mishari alikuwa bado ameshika chupa yake mwenyewe, ya kinywaji kilekile. Daktari akaichukua, akasoma maandishi, akamrudishia.

"Anayetoka jasho juani kutwa nzima, sawa. Mwenye figo kama hizi, hii ni sumu, imejaa potasiamu. Mpeni maji, tena kwa kipimo."

Kaka yangu, na misuli yake yote ile, akakaa sakafuni akalia kama mtoto.

Mungu ni mwema, walimsafisha damu baba akazinduka. Nikajua yameisha.

Kesho yake nikachukua kanzu zake nizifue. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa karatasi zilizoganda pamoja. Mwombeeni marehemu Sabika. Mwombeeni marehemu Sabika. Mifuko ya kanzu zote imejaa.

Nikakaa chini nazo. Dua na jina la marehemu hatutupi kwenye taka, kwa hiyo alikuwa anazibandua kabla ya kutupa chupa. Na aliyebandua lazima aliyaona maandishi ya kiwandani yaliyokuwa chini yake.

Nikarudi wodini, nikamwekea zile karatasi kitandani.

"Baba, ulikuwa unajua?"

Akageukia ukutani.

"Nilisoma siku ileile ya kwanza."

"Na daktari alishakukataza potasiamu!"

"Alinikataza."

"Sasa kwa nini, baba?"

Akaipapasa karatasi moja bila kugeuka.

"Nyumba imekuwa kubwa, mwanangu. Mnapita mnanisalimia, mnakwenda zenu. Nikasema hii ni sadaka ya mke wangu, nikifa nayo hakuna atakayenilaumu."

Nilipanda kitandani na viatu vyangu, nikamkumbatia, tukalia wote wawili.

Ndugu zangu, someni chupa kabla ya kumpa mgonjwa. Maji matupu yanatosha, hayo mengine yana wenyewe. Lakini mzee aliyefiwa msimwachie friji iliyojaa mkadhani mmemtunza. Sisi tulishughulika na baba anywe nini, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akanywa naye.