Funga Kamba, Utaanguka

Nimewahi kumwona mama mtu mzima akikalia dumu la petroli mbele ya watu mia tatu, akagoma kunyanyuka.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, jua kali na baridi kali kwa pamoja, sokoni El Alto, kule juu ya La Paz. Petroli ile ilikuwa ya kumchomea mtu.

Na aliyempigia mtu huyo kelele za mwizi ni mimi.

Siandiki ili nionewe huruma. Ila msinitukane kabla hamjafika mwisho, maana mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Jina langu Yobana. Kwetu ni Villamontes, huko kusini kwenye joto la kupasua kichwa. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kukanyaga jiji. Kaka yangu Limbert alikuwa ametangulia La Paz miaka mitatu nyuma, na kila akipiga simu ni ofisi hivi, bosi vile. Mama aliitembeza habari hiyo mtaa mzima. "Limbert wangu anafunga tai," alikuwa anasema, hata kama mtu kamuuliza bei ya nyanya.

Basi nikaenda kumtembelea. Wiki mbili, nilizunguke jiji nilimalize.

Tai alifunga kweli. Kila asubuhi shati jeupe, tai, begi mgongoni, huyoo. Kucha zake tu ndizo zilikuwa nyeusi tii.

"Kaka, hizo kucha vipi?"

"Wino wa mihuri. Tunagonga mihuri kutwa nzima."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Siku ya kwanza tu akanipa masharti. "Milima ya huku panda polepole, hewa haitoshi. Usile chakula chenye pilipili usiyoijua. Na wale jamaa wenye mizula, Yoba, usiwasogelee kabisa."

Mizula ninayosema ni zile kofia za sufu zinazofunika uso mzima, macho tu ndiyo yanachungulia. Wapiga kiwi wa La Paz ndilo vazi lao. Wanakaa viwanjani na visanduku vyao vya brashi, na sura ya hata mmoja huijui.

"Wanajificha nini?" nikauliza.

"Mtu mwema anajificha nini? Walevi hao. Wezi. Ukimwona mmoja, vuka barabara."

Hilo neno likanikaa.

Nikaanza kutembea. Aisee, nilitembea mpaka miguu ikaomba talaka. Nikapanda vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya, nikaona mapaa ya watu, mbwa wa watu, na chupi za watu kwenye kamba. Nikala salteña, sambusa yao yenye mchuzi ndani, nikajimwagia mchuzi kifuani mbele ya wanafunzi wakanicheka. Raha tupu.

Jumatano nikiwa uwanja wa kanisani, jamaa mmoja wa mzula akanifuata. Nikakumbatia mkoba. Jamaa hakusema kitu. Akapiga goti, akaifunga kamba ya kiatu changu iliyokuwa inaburuta, fundo mara mbili, ncha akazichomeka ndani. Akainuka, akaenda zake.

Jioni nikamsimulia Limbert. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Alikuibia?"

"Hapana. Alinifunga kamba tu."

"Basi huyo ni kichaa. Ila usimzoee."

Jumapili nikamwambia nataka kwenda sokoni El Alto. Akakunja uso. "Usiende peke yako kule."

"Si twende wote?"

"Nina kazi ya ziada."

"Jumapili?"

"Mihuri haijui Jumapili, Yoba."

Nikaenda peke yangu. Mimi na ukaidi wangu.

Soko la kule halina mwisho. Mitumba, injini za magari, vitasa, sungura, magauni ya harusi, vyote chini kwenye vumbi. Nikasimama kwa mama mmoja wa sketi za marinda, ametanda kama meza ya watu kumi, kofia ya duara kichwani, anauza api ya moto, ule uji wa mahindi ya zambarau. Nilimsikia jirani yake akimwita Mama Gumercinda.

"Kastoma wangu, wewe ni wa huko kwenye joto," akaniambia. "Unatetemeka kama kuku aliyenyonyolewa. Kunywa, mwanangu. Na hiyo simu irudishe ndani, hapa macho ni mengi kuliko watu."

"Napiga picha moja tu, mama."

Pembeni ya banda lake kulikuwa na nguzo ya umeme, na kwenye nguzo limenyongwa sanamu la matambara, ukubwa wa mtu, suruali na viatu kabisa. Kifuani lina kibao: MWIZI AKIKAMATWA ATACHOMWA.

Mimi niliona kichekesho. Nikainua simu nilipige picha nikamtumie Mama.

Mkono ukapita mbele ya macho yangu na simu ikaondoka nao.

Nikageuka. Migongo mitupu. Nikaona watu wanapishana kule kwenye mitumba, nikakimbia, nikapiga kona ya banda la mablanketi.

Nikamkuta. Mtu wa mzula, anahema, simu yangu iko mkononi mwake.

Pembeni yake kuna kijana mtanashati wa jaketi la buluu anajiinua kutoka chini. Amejaa vumbi, zipu ya jaketi imeng'oka inaning'inia.

"Mwiziii!" nikapiga kelele. "Mwizi! Simu yangu!"

"Ndiye!" yule wa jaketi la buluu akadakia. "Nimejaribu kumzuia, kanibwaga! Ndiye huyo!"

Filimbi zikaanza. Wauzaji wa kule wanavaa filimbi shingoni, na ikilia moja zinalia zote. Sijamaliza kuvuta pumzi, watu wameshajaa.

Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni. Ya pili sijui ilitoka wapi. Akaanguka, wakamkanyaga. Bibi mmoja alikuwa anampiga na upawa, anapiga huku analia, "Mliniibia cherehani yangu! Mliniibia cherehani!" Fundi mmoja akaja na mnyororo wa pikipiki. Nilisikia mbavu zikivunjika. Sauti ile ninaisikia mpaka leo nikivunja kuni.

Na yule mtu hakusema neno hata moja.

Cha ajabu, hakujikinga tumbo wala kichwa. Mikono yote miwili alikuwa ameshika mzula wake. Wakamponda vidole vya mkono wa kulia kwa jiwe ili auachie, hakuuachia.

"Sema! Umeiba hujaiba?" wakamuuliza.

Kimya.

"Mnaona?" akasema yule wa jaketi la buluu. "Mwizi hana la kujibu."

Wakamburuta mpaka kwenye nguzo ileile, wakamfunga mikono kwa nyuma, sanamu linaning'inia juu ya kichwa chake. Mmoja akanyoosha mkono amvue mzula.

"Mwacheni hivyo hivyo!" akasema yule wa jaketi. "Sura yake ya nini? Mkishaiona mtamwonea huruma."

Watu wakaona ana akili.

Mimi nilikuwa nalia. Kwa hasira, nisidanganye. Simu ile nilifulia watu nguo mwaka mzima kuipata. Yule kijana akatoa leso mfukoni, akanipa. "Pole, dada. Futa machozi. Haki yako utaipata leo." Nikaona kumbe jijini kuna watu na utu wao.

Nikasogea pale nguzoni, nikampiga yule mtu teke la tumbo. Mimi, Yobana, kwa mguu wangu huu. Akatoa mguno tu.

Dumu la petroli likaletwa. Aliyelileta ni huyohuyo wa jaketi la buluu. Akaliweka miguuni pangu.

"Mwenye mali aanze kumwaga," akasema.

"Aanze! Aanze!" wakaitikia.

Nikalishika. Nikalinyanyua. Nikamsogelea yule mtu mpaka nikasikia harufu ya damu na kiwi.

Akainamisha kichwa, akatazama miguu yangu. Lile teke lilikuwa limefungua kamba ya kiatu.

"Yoba," akasema, kwa sauti ya chini, meno yamevunjika. "Funga kamba. Utaanguka."

Jamani.

Yoba ananiita mtu mmoja tu duniani.

Dumu likanidondoka. Nikaushika ule mzula nikauvuta, ukatoka na damu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakuwa nyama. Lakini alikuwa ni Limbert. Alikuwa kaka yangu Limbert, wa ofisini, wa tai.

"Ni kaka yangu!" nikapiga ukelele. "Acheni! Ni kaka yangu!"

Mnadhani waliacha?

"Kumbe ni wawili!" akafoka yule wa jaketi. "Wanashirikiana hao! Wafungwe wote!"

Jiwe likanipata hapa juu ya nyusi, kovu ninalo. Nikamkumbatia Limbert pale kwenye nguzo, mateke yakawa yananijia mgongoni, mtu akanivuta nywele. Nikamwona yule wa jaketi anainama kulichukua dumu.

Hakulipata. Mama Gumercinda alikuwa ameshalikalia.

Alikaa juu yake na marinda yake yote saba, akaikunja mikono kifuani.

"Inuka, mama!"

"Anayetaka petroli aje aninyanyue," akasema. "Kilo mia na kumi bila uji. Karibuni, vijana. Nani ana mgongo?"

"Mama, hawa wezi!"

"Huyu binti amekunywa uji kwangu sasa hivi, na simu yake nimeiona ikiporwa mbele ya pua yangu. Mtu anajiibia mwenyewe? Nyie mmelewa asubuhi hii?" Akamnyooshea Limbert kidole. "Haya, sura hiyo. Mlikuwa hamjaiona. Anayeweza kumchoma huku anamtazama, mimi nainuka."

"Mama, utalowa huko chini," mtu mmoja akasema kwa nyuma.

"Nikilowa mnichome na mimi, kesho mkanywe uji kwa mama zenu!"

Mtu akacheka. Halafu mwingine. Kicheko cha aibu, kile cha kuangalia chini. Yule bibi wa upawa akaja mwenyewe akaifungua kamba ya mikono.

Wa jaketi la buluu sikumwona tena. Naapa, nilidhani amekimbilia kutafuta gari la wagonjwa.

Siku tatu hospitalini Limbert hakuzungumza. Mbavu nne, jicho la kushoto halikupona, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki hadi leo. Siku ya nne akafungua mdomo.

"Nilikuwa nakufuata kila siku," akaniambia. "Tangu ulipofika. Ningekuachaje peke yako kwenye jiji hili?"

"Kwa nini hukusema kitu mapema pale, Limbert? Neno moja tu!"

"Ungeijua sauti yangu. Lile la kamba lilinitoka tu."

"Na kama ningemwaga?"

"Ungemwaga bila kujua ni mimi. Mama angebaki na mwanawe wa tai."

Nilimtukana. Mgonjwa, yuko kwenye bandeji, nikamtukana matusi yote ya Villamontes huku nambusu mkono. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiogopa ile kofia, halafu akaivaa akaja kunilinda nayo. Na mimi sikuiangalia mikono yake, wala sikuwaza kwa nini mwizi asimame palepale anahema, simu mkononi. Niliona mzula, nikaita watu.

Nilipotulia nikafungua mkoba. "Walau si wote walikuwa wanyama," nikamwambia. "Kuna kijana alinipa leso nilipokuwa nalia. Nimeifua, nimeipiga pasi. Nikikutana naye nitamrudishia."

Limbert akaitazama ile leso kwa jicho lake moja.

"Alikuwa amevaaje?"

"Jaketi la buluu. Zipu imeng'oka."

Akaisukuma leso pembeni. Halafu akasema, taratibu kabisa:

"Zipu ile niliing'oa mimi, Yoba. Nikimnyang'anya simu yako."

Miaka kumi na moja sasa naishi huku. Sikurudi kwetu. Nauza maandazi ya jibini pembeni ya Mama Gumercinda, na nguzo iko palepale, sanamu wamelibadilisha suruali. Limbert anapiga kiwi kwa mkono wa kushoto, uwanja wa kanisani, uso wazi. Mama alipoambiwa alilia siku mbili, ya tatu akapanda basi akaja kung'arishiwa viatu.

Leso ninayo. Naitembeza mkobani kila Jumapili.

Nawe unayesoma, siku moja utasikia kelele za mwizi mtaani kwenu na utakimbilia kuona. Najua utakimbia, sote tunakimbia. Ukifika, usianze kumtazama aliyefungwa. Mtafute aliyeleta petroli, umwangalie zipu yake.