Jina la Kimya Liliendelea Kuandika

Habari ilimkuta dada mtu kwenye cherehani, Jumatano saa nne asubuhi, akipinda kola ya shati la shule. Aliyepiga simu alikuwa mama mwenye nyumba alikopanga mdogo wake.

"Mwanangu, umekaa?"

"Nimekaa, mama. Kuna nini?"

"Tumevunja mlango. Ndugu yako hatunaye tena."

Daktari alisema ni moyo, na kwamba alifariki tangu Jumatatu. Dada mtu alimwita Mungu mara tatu, kisha akakata uzi kana kwamba shati lile bado lina haraka. Akapiga simu ofisini kwa marehemu. Akapokea binti aliyekaa naye meza jirani.

"Kimya?" Binti akacheka. "Dada, acha utani! Wiki hii anafanyia kazi nyumbani. Sasa hivi tu kanikosoa mistari sita."

Kimya lilikuwa jina lake la utani tangu utotoni. Mama yao alikuwa akisema mtoto huyu maneno yake yamehesabiwa, akiyamaliza hapewi mengine. Alipokua akawa fundi wa programu za kompyuta, kazi inayomfaa mtu asiyependa soga. Ofisini kwao, fundi akibadilisha kitu, kabla hakijaunganishwa na kazi ya wenzake, lazima mwingine akipitie na kuandika maoni pembeni. Kimya alichoka kuandika. Akatengeneza chombo cha kuziwezesha akili bandia kupitia mabadiliko hayo na kuandika maoni zenyewe. Akakiita Debe, kwa kuwa hakikuacha kuvuma.

Kosa lilikuwa moja. Hakulifungulia Debe akaunti. Liliandika kwa jina la Kimya mwenyewe.

"Utakuja kushtakiwa kwa maneno ambayo hukuyasema," wenzake walimtania.

"Wiki ijayo nitalishughulikia," alijibu, na kila wiki ijayo ikazaa mwenzake.

Basi Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi, jina la Kimya liliandika maoni arobaini na moja, na hakuna aliyefikiri kwenda kumgongea mlango. Yuko kazini, si tunamwona?

Dada mtu alijua Mungu ndiye hutoa na ndiye hutwaa; hapo hakubishana. Kilichomchoma, binti alipokwisha kumweleza habari za Debe, ni kingine. Alitaka kujua neno la mwisho ambalo mdogo wake aliliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamisi mchana binti alikuja na kompyuta hadi chumbani kwa marehemu. Kulikuwa na shati moja nyuma ya mlango, kikombe kimoja, kiti kimoja. Mgeni akapewa kiti, dada mtu akakaa kitandani.

"Tutayajuaje yaliyo yake?"

"Debe lina adabu mno, dada. Linaanza na asante, linamaliza na sababu tatu. Kimya hajawahi kunipa hata sababu moja."

Dada mtu akacheka, halafu akajiona mkosaji kwa kucheka.

Wakasoma kurudi nyuma. Jumatano, Debe. Jumanne, Debe tupu. Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, chini ya kazi ya binti yuleyule, katika maoni yaliyokwisha kufungwa na kufichwa, wakakuta maneno matano: "Sijisikii vizuri. Mtu anipigie simu."

Chini yake Debe lilikuwa limejibu: "Asante kwa maoni. Hayahusu mabadiliko haya, hivyo nimeyafunga."

Jina moja, likijijibu lenyewe.

"Yakishafungwa huwa hatuyafungui," binti alisema, machozi yakimtiririka. "Dada, nisamehe. Aliandika kwangu."

Dada mtu akapapasa shuka.

"Mimi nilikuwa na namba yake," akasema. "Tangu mwezi uliopita sikumpigia. Nilijiambia, huyu hata nikimpigia haongei. Kwa hiyo nani amsamehe nani, mdogo wangu? Tumwombe Mungu." Akainuka, akakigeuza kile kikombe kifudifudi mezani. "Lakini hilo Debe lizime. Kesho tunamzika. Sitaki jina lake liseme huku mwenyewe yuko kaburini."

Binti akampigia mkuu wa ofisi. Mkuu akasema kazi zitalala, kisha akakubali. Binti akalizima palepale, dada mtu akitazama.

Mazishi yalikuwa Ijumaa saa nane mchana. Walifika watu kumi na wanne. Mchungaji hakumjua vizuri marehemu, kwa hiyo aliomba kwa kifupi. Wenzake wanne wa ofisini walishika kamba wakateremsha jeneza, polepole, maana hawakuwa na uzoefu. Familia ilipoulizwa kama ina neno, dada mtu akasogea mbele.

"Alikuwa mdogo wangu," alisema. "Aliomba apigiwe simu, hatukumpigia. Mungu ampokee, nasi atusamehe."

Akatupia udongo mara tatu. Binti akatupia baada yake, kisha mama mwenye nyumba. Wanaume wakashika majembe wakafukia. Wimbo uliimbwa beti mbili. Ilipofika saa tisa na nusu, watu walishikana mikono, wakaondoka.